Kikombe cha Samunge na Nyayo za Ng'ombe

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hiyo hutumiwa sana na wakubwa wanapomtia moyo mtoto wa shule anayeogopa kuinua mkono. Ni nadra kuisikia ikitumiwa na mkubwa ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyeulizwa. Katika tofauti hiyo ndogo mna jambo kubwa. Akili ya kupima maneno, ambayo siku hizi wataalamu huiita tafakuri tunduizi, haikuanzia vitabuni. Ni mazoea ya kuuliza: neno hili limetoka wapi, aliyelisema amelijuaje, na kama si kweli, uongo wake utajulikanaje? Uwezo wa kuuliza hivyo kila mwanadamu anao. Yanayohitilafiana baina ya watu na watu, na baina ya zama na zama, ni yale yanayowazuia wasiulize. Insha hii yaviangalia vizuizi hivyo katika tukio moja la historia ya karibuni, nalo ni kikombe cha Samunge cha mwaka 2011, hasa kama kilivyoonekana kutoka upande wa Mara.

Nyambureti ni kata ya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, katika nchi ya Wangoreme, watu wa jembe na ng'ombe. Kutoka huko ukielekea mashariki utafika Mugumu, mji mkuu wa wilaya, kisha utaingia katika mbuga ya Serengeti. Na mbuga itakapokwisha utakuwa umeifikia nchi ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha. Humo mna kijiji cha Samunge, katika nchi ya Wasonjo. Kwa mtu wa Dar es Salaam Samunge ilikuwa jina la mbali, lililopatikana baada ya siku mbili tatu za vumbi. Kwa mtu wa Serengeti ilikuwa ni ng'ambo ya pori. Habari zilipovuma, yeye alikuwa jirani.

Habari zenyewe zilikuwa hizi. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alisema kwamba Mwenyezi Mungu alimwonyesha katika ndoto dawa ya magonjwa sugu. Dawa ilikuwa maji yaliyochemshiwa mizizi ya mti uitwao mugariga, ambao wenyeji wameutumia kwa tiba mbalimbali tangu zamani. Mgonjwa alikunywa kikombe kimoja, mara moja tu, akalipa shilingi 500. Alianza kuitoa mwaka 2010, na ilisemwa kuwa yaponya kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu na ukimwi. Ilipofika mwezi wa Machi 2011 watu walikuwa wakimiminika kutoka pande zote za Tanzania, na kutoka Kenya pia. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Magazeti na redio zilitaja kilomita zaidi ya ishirini. Wagonjwa mahututi walitolewa katika vitanda vya hospitali wakapakiwa magarini. Mwishoni mwa mwezi huo ilitangazwa kwamba watu zaidi ya hamsini walikuwa wamefariki dunia wakingoja zamu zao, na mchungaji mwenyewe akaomba watu wasije kwanza mpaka waliokuwapo wapungue.

Ni rahisi leo kuisoma habari hiyo kwa kucheka. Kicheko hicho nacho ni uvivu wa akili, maana chadhani kwamba waliokwenda walikuwa wajinga, na kwamba anayecheka hangekwenda. Yafaa kwanza kuikumbuka hali yao. Mwenye kisukari au shinikizo la damu ameambiwa atameza dawa mpaka afe. Mwenye virusi vya ukimwi alikuwa akipewa dawa bila malipo tangu mpango wa serikali ulipoanza mwaka 2004, walakini kituo kiko mbali, safari zina gharama, na kila safari yamwonyesha kwa majirani. Mbele ya mtu huyo pamewekwa njia mbili: kidonge cha kila siku kisichomaliza ugonjwa, na kikombe cha siku moja kinachoumaliza kwa shilingi 500. Mfa maji haachi kutapatapa. Kizuizi cha kwanza cha akili, basi, ni uzito wa haja, kwa kuwa mwenye haja kubwa hupima kwa mizani iliyokwisha kuelemea upande mmoja.

Tena, kwa watu wa magharibi ya Serengeti, safari hiyo haikuwa na ugeni wowote katika mapokeo yao. Katika miaka ya 1890 na 1891 sotoka iliwamaliza ng'ombe wa nchi hizo zote, na pamoja nayo zikaja ndui na njaa. Watu waliopitiwa na misiba ya namna hiyo walijifunza kutafuta msaada penye sifa, hata ikiwa kwa kabila lingine. Waikoma, jirani za Wangoreme, wasimulia habari za Machaba, pembe za ndovu walizozipata kwa mtabiri wa Kitatoga, ambazo zimekuwa nguzo ya umoja wao. Mapokeo yao yaitaja Sonjo kuwa ndiko walikotoka. Kwa hiyo neno kwamba ng'ambo ya pori, huko huko Sonjo, ametokea mtu aliyeonyeshwa dawa, liliingia katika masikio yaliyokwisha kuandaliwa. Jambo lifananalo na hadithi tuliyoizoea haliulizwi hati ya kusafiria, hupita mpakani kama mwenyeji. Hicho ni kizuizi cha pili.

Kizuizi cha tatu kilikuwa ushuhuda wa waliorudi. Msafiri alirudi kijijini akasema, "Nimepata kikombe, najisikia vizuri." Hakusema uongo. Maumivu hupanda na kushuka. Aghalabu mtu husafiri kutafuta dawa siku yamepanda, naye hurudi siku yameshuka. Shinikizo la damu na kisukari vyaweza kumla mtu bila ya kuhisi chochote, na kujisikia vizuri si kipimo chake. Zaidi ya hayo, waliosema ni wale waliokuwa na uwezo wa kusema. Aliyekufa njiani hakurudi kutoa ushahidi. Na yule ambaye hali yake haikubadilika alinyamaza, kwa kuwa amekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli, na kusema kwamba hakupona ni kutangaza hasara yake mbele ya watu. Hivyo kijiji kilisikia sauti za upande mmoja, kikadhani kimesikia zote. Swali ambalo lingeivunja hali hiyo ni fupi: katika waliokwenda kutoka hapa, ni wangapi, na kila mmoja wao yu hali gani leo? Ni hesabu ambayo mwenyekiti wa kitongoji angeweza kuifanya kwa daftari moja na kalamu.

Kizuizi cha nne kilikuwa wingi wenyewe. Foleni ilikuwa ndefu, na urefu wa foleni ukawa hoja. Lakini aliyekuwa kwenye foleni alikuwa amekuja kwa sababu wengine wamekuja, na waliokuja baada yake walikuja kwa sababu yeye amekuja. Kila mmoja alimhesabu mwenziwe kuwa shahidi, wala hapakuwa na hata mmoja aliyeona kitu. Lugha ya Kiswahili nayo ilisaidia katika kosa hilo, kwani inayo methali isemayo kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali ni hazina ya hekima, lakini ni kama kisanduku cha dawa: zimo za kuponya na zimo za kulevya, na mtu huchagua ile iafikianayo na moyo wake. Ni wachache waliokumbuka wakati ule ule kwamba akili ya kuambiwa huchanganywa na ya kwako.

Cha tano kilikuwa heshima. Viongozi wa dini walikisifu kikombe. Mawaziri na wabunge walikwenda wakanywa mbele ya wapiga picha. Wizara ya Afya ilipotaka mwezi wa Machi kwamba shughuli isimame mpaka dawa ichunguzwe, agizo hilo halikudumu. Mwananchi alikuwa na haki ya kudhani kwamba wakubwa hao wamekwisha kuuliza kwa niaba yake, kumbe na wao walikuwa katika foleni, ila foleni yao ilikuwa fupi. Na jina lenyewe lafaa kuangaliwa na wanafunzi wa lugha. Jina lililovuma halikuwa "mganga wa Loliondo" wala "tabibu wa Loliondo". Alikuwa Babu. Mganga huulizwa ameponya wangapi. Tabibu huulizwa cheti chake. Babu huamkiwa. Mjukuu anayemwambia babu yake, "Wajuaje?" ameshavunja adabu kabla ya kupewa jibu. Neno moja la ukoo, lililotolewa kwa mapenzi na heshima ya kweli, lilifunga mlango wa maswali kuliko amri yoyote ya serikali.

Cha sita, ambacho ni kigumu kuliko vyote kukitambua, kilikuwa umbo la dai lenyewe. Ilisemwa kwamba dawa hufanya kazi ikitolewa kwa mkono wa mchungaji tu. Hufanya kazi Samunge tu, haichukuliwi kwenda kwingine. Nayo yahitaji imani. Kwa hiyo aliyepona alikuwa dalili kwamba dawa ni kweli, na ambaye hakupona alikuwa dalili kwamba imani yake ni haba. Hapakubaki tokeo lolote duniani ambalo lingeweza kuonyesha kwamba dawa haifai. Neno lililojengwa hivyo huonekana kuwa na nguvu kwa sababu halishindwi, lakini halishindwi kwa sababu halikuingia uwanjani. Wataalamu wa serikali walipouchunguza mti, walieleza kwamba kwa kipimo kile maji yale hayana sumu ya kumdhuru mnywaji. Wengi waliipokea taarifa hiyo kama kwamba dawa imethibitishwa, ilhali kutodhuru ni jambo moja na kuponya ni jingine. Maji ya mtungi hayana sumu, wala hayaponyi saratani.

Hasara haikuwa shilingi 500 wala nauli, ingawa nauli iliwamaliza wengi. Hasara ilikuwa kwa wale waliorudi wakaziacha dawa zao za kupunguza makali ya ukimwi, wakidhani wamekwisha kupona, ijapokuwa watumishi wa afya walisisitiza zisiachwe. Na hapa ndipo faida ya akili ya kupima inapoonekana bila ya ubishi mwingi. Mgonjwa hakuhitaji kujua kama ndoto ya mchungaji ilikuwa kweli au la. Jambo hilo lingewashinda maaskofu na maprofesa. Alihitaji kuuliza swali moja tu: nikikosea, nitapoteza nini? Aliyekwenda Samunge huku anaendelea na vidonge vyake, kama alikosea alipoteza nauli. Aliyeviacha, kama alikosea alipoteza maisha yake. Mizani hiyo haihitaji shahada. Mkulima wa Mara huitumia kila mwaka anapopanda muhogo kando ya mahindi, kwa kuwa hajui mvua itakuwaje, naye hataki kuangamia kwa kulijibu vibaya swali hilo.

Wala isidhaniwe kwamba elimu ya shule, peke yake, ni kinga. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga katika Tanganyika ili kuondoa upungufu wa mafuta baada ya vita. Ujumbe wa John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa nchi hii, ulitumia yapata wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi uliiona kutoka angani. Ulirudi na mpango wa mashamba ya eka zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza Kongwa, katika Ugogo, nchi ambayo wenyeji wake wameijua njaa ya ukame vizazi na vizazi. Udongo wa huko ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, ukayala majembe ya matrekta, mvua haikutosha, magogo na mizizi vikavunja mitambo. Kila habari mbaya ilipopelekwa London ilipokewa kama kikwazo kidogo cha kupita, kwa kuwa mawaziri walikwisha kuahidi na fedha zilikwisha kutoka. Mpango uliachwa Januari 1951, zikiwa zimepotea pauni karibu milioni 36. Humo mlikuwamo wataalamu, ramani na hesabu za kila namna. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali la mgonjwa wa Samunge: tukikosea, tutapoteza nini, na mbona hatukuanza na shamba dogo? Haja, wingi wa wakubaliao, heshima ya wakubwa na aibu ya kurudi nyuma vilifanya kazi ile ile Whitehall kama vilivyofanya Loliondo.

Wala kupima hakumaanishi kuidharau miti ya wazee. Katika China, Bi. Tu Youyou na wenziwe walipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria, wakakusanya mapishi zaidi ya 2,000 ya waganga wa kale. Mti mmoja, pakanga, ulionyesha matumaini, kisha ukashindwa, kisha ukafaa tena ulipotolewa utomvu wake kwa joto dogo. Mwaka 1972 Bi. Tu alianza kuinywa dawa hiyo yeye mwenyewe kabla ya kupewa wagonjwa. Leo dawa za mseto zitumikazo katika zahanati za Mara zatokana na mti huo, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mti wa China ulikubali kuulizwa maswali, ukashindwa mbele za watu, ukaulizwa tena. Mugariga mwaka 2011 ulisifiwa zaidi kuliko ulivyoulizwa.

Sasa yabaki kuuliza kama akili ya kupima ni mbegu ngeni katika nchi ya Wangoreme na Wakuria. Jibu limo katika jambo ambalo kila mchungaji wa huko alijua, yaani nyayo. Ng'ombe wakiibwa usiku, yowe hupigwa, na vijana hufuata nyayo kulipokucha. Nyayo zikiingia katika kijiji fulani, wenyeji wa kijiji hicho huambiwa waonyeshe zilikotokea. Wakizionyesha, msako huendelea mbele. Wakishindwa, wao ndio watakaodaiwa. Hapo hapaulizwi nani ni mkubwa, wala wangapi wamesema ng'ombe hawakupita, wala nani ana sifa njema. Huulizwa nyayo. Kanuni hiyo ni tafakuri tunduizi kamili: dai hufuatwa mpaka mwisho wake, na kila mwenye kukanusha hutakiwa aonyeshe alama ardhini.

Kwa nini basi mtu yule yule aliyefuata nyayo za ng'ombe kwa ukali huo hakuzifuata nyayo za kikombe? Sababu ni kwamba katika kesi ya ng'ombe yupo mpinzani. Kijiji kinachodaiwa kina kila sababu ya kutafuta kasoro katika ushahidi, na mwenye mali ana kila sababu ya kuutetea. Kutokana na mvutano huo ukweli huchujwa. Katika habari ya kikombe hapakuwa na mtu aliyefaidika kwa kuuliza. Aliyeuliza alionekana anamnyima mgonjwa tumaini, na labda anamtukana Mungu. Akili ya kupima, kwa hiyo, si kipaji cha mtu mmoja mmoja peke yake. Ni kazi ya baraza, nayo hufanikiwa pale baraza linapompa mpinzani nafasi ya kukaa na kusema bila ya kuitwa adui.

Mabaraza hayo yapo. Wakuria na jirani zao wana iritongo, mkutano wa hadhara ambamo kesi za wizi na ugomvi husemwa mbele ya wote. Na kazi ya sungusungu, iliyoanza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilipofika Mara ilijishika humo. Walakini baraza laweza kuwa mpimaji na laweza pia kuwa foleni nyingine. Kwa desturi ni baraza la wanaume, na sauti ya mzee ndiyo izidiyo uzito. Udhaifu huo waonekana katika jambo ambalo hasara yake yazidi ya kikombe, nalo ni kukeketwa kwa wasichana. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 yakataza kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka kumi na minane. Hata hivyo msimu ukifika, mwisho wa mwaka, mzazi ambaye moyoni hataki hunyamaza akidhani kwamba wengine wote wataka. Na jirani yake, ambaye naye hataki, husikia kimya hicho akakihesabu kuwa kibali. Hivyo kijiji chaweza kulitenda jambo ambalo wengi wa wenyeji wake, wakiulizwa mmoja mmoja usiku, wasingelichagua.

Kimya hicho kimevunjwa zaidi na watoto. Wasichana wa Tarime na Serengeti wametembea, wengine usiku, kukimbilia kituo cha Masanga na, tangu mwaka 2014, nyumba salama ya Mugumu. Msichana huyo hana shahada ya mantiki, wala hajapata kulisikia neno tafakuri tunduizi. Ameambiwa jambo na wote awaheshimuo, wengi wameshafanya, mapokeo yalikubali, na haja ya kupendwa na watu wake ni kubwa kuliko haja yoyote ya umri wake. Yaani vizuizi karibu vyote vilivyotajwa vimesimama mbele yake kwa pamoja. Naye ameuliza kwa nini, akaona jibu halitoshi, akaondoka.

Mchungaji Mwasapila alifariki dunia tarehe 30 Julai 2021. Foleni ilikuwa imekwisha miaka mingi nyuma, bila ya mtu kuitangaza mwisho wake; watu waliacha tu kwenda, kama walivyoanza kwenda. Hakuna baraza lililokaa kuhesabu waliopona na waliokufa, wala shule iliyowapa wanafunzi wake hesabu hiyo kuwa zoezi. Kazi hiyo bado yaweza kufanywa, Nyambureti na kwingineko, maana wengi waliokwenda wangali hai, na wanaowakumbuka wasiorudi wangali hai pia. Hizo ni nyayo, na muda si mrefu mvua itazifuta.